Sato wanatema chakula cha soya: achana na vanila, tafuta vichwa vya kamba

Mkuu uzi wako nimeuona tangu juzi nikasema nikipata nafasi nijibu kwa urefu, maana majibu mengi humu ni "nunua chakula cha kiwandani" na hilo kila mtu analijua, shida ni hela. Kwa wanaoingia saivi: jamaa yuko Muheza, ana bwawa la kuchimba la sato (tilapia), chakula alikuwa anatengeneza mwenyewe kwa dagaa na pumba, dagaa wamepanda akawapunguza sana akajaza soya na mashudu ya alizeti (yale makapi yanayobaki mbegu zikikamuliwa mafuta), sasa samaki wanakuja juu wanachukua punje wanatema wanaondoka. Kuna mtu kamwambia anunue vanila ile ya keki achanganye kwenye chakula, anauliza hivi viongeza ladha vinafanya kazi kweli au ni upigaji.

Mie nafuga hapa Tanga upande wa Pongwe, sato na kambale, na chakula natengeneza mwenyewe kwa mashine ya kusagia nyama kama wengi wetu. Jibu langu: viongeza ladha vipo na vinafanya kazi, ila vanila sio mojawapo, na kile unachokihitaji Tanga kinamwagwa bure kila siku. Lakini kwanza tujue kama kweli tatizo ni ladha.

Umesema wanakuja, wanachukua, wanatema. Hiyo ni habari nzuri aisee, maana samaki mwenye tatizo la maji haji kabisa. Hewa ya oksijeni kwenye maji ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita sato anakaa juu anahema tu wala hana habari na chakula, na mabwawa yetu haya yenye maji ya kijani sana hewa inakwisha usiku, ndo maana ukimwaga chakula alfajiri unakikuta kinaelea mpaka saa tatu. Lisha saa nne na saa kumi jioni jua likiwa limeshafanya kazi. Na baridi pia, kuna jamaa zetu wa Lushoto wanalalamika kila kipupwe samaki hawali, sasa sato maji yakishuka chini ya nyuzi 20 anapunguza kula na yakikaribia 16 anaacha kabisa, hapo hata umtilie pilau hali. Muheza huna tatizo hilo. Kwako wewe hamu ya kula ipo, kinachokataliwa ni kile kilichoingia mdomoni.

Sasa anatema kwa nini. Kabla ya ladha angalia punje yenyewe, kama ni kubwa kuliko mdomo au ngumu kama kokoto atatema tu. Mashudu ya alizeti haya yanayotoka Singida na Dodoma mengine yamejaa maganda, ukitia mengi chakula kinakuwa makapi, yachekeche. Soya umeikaanga au umesaga mbichi? Hujasema. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia samaki kumeng'enya protini, moto ndo unaviua, bila moto hata akila hakui. Ikaange mpaka inukie na ibadilike rangi kidogo, ila usiiunguze.

Halafu ukungu. Pwani huku unyevu ni mwingi na masika chakula kinaota ukungu ndani ya siku chache kama hukukausha vizuri. Na dagaa wa zamani mafuta yake yanaharibika, wanatoa ile harufu ya rangi ya kupaka. Samaki akikataa chakula cha hivyo ana akili kukuzidi, usimfiche kwa kutia marashi. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kionjo, unamlazimisha ale sumu. Kimwage.

Kama vyote hivyo viko sawa ndo tunakuja kwenye ladha, na hapa ndo watu wanapigwa hela zao.

Harufu unayoisikia wewe sio anayoisikia samaki. Sisi tunanusa kinachopaa hewani, yeye ananusa kinachoyeyuka kwenye maji. Ana pua, vile vitundu viwili juu ya mdomo, havimsaidii kupumua, kazi yake ni kunusa maji. Anavutwa kutoka mbali kwa pua, akifika anachukua punje mdomoni, mdomo ndo unaamua imezwe au itemwe. Ni hukumu mbili tofauti. Chakula chako kimeshinda ya kwanza kimeshindwa ya pili. Sasa vanila hata kama itamleta (na ile ya chupa ya dukani ni maji na kemikali kidogo tu), akifika akakuta mdomoni ni mashudu yale yale atatema yale yale. Wavuvi wa ndoano wa Uingereza huko wanatia vanila na stroberi kwenye chambo, sawa, lakini mvuvi anataka samaki ang'ate mara moja tu basi, wewe unataka ale kila siku mpaka umuuze.

Vitu ambavyo mdomo wa samaki unavitambua kwamba hiki chakula ni vile vinavyotoka kwenye nyama ya viumbe vya majini. Amino asidi (vipande vidogo vinavyojenga protini) kama glaisini, alanini, ajinini, halafu kuna betaini, halafu vile vinavyotoka kwenye chembe hai nyama inapoanza kuvunjika. Vyote vinayeyuka kwenye maji haraka. Kambale wa Marekani wamechunguzwa sana kwa hili na ikaonekana wana vipokezi kabisa vya alanini na ajinini, wanazisikia hata zikiwa kidogo mno. Dagaa walikuwa wanakupa hivyo vyote bila wewe kujua. Ulipowapunguza ukatia soya ulirudisha protini lakini ladha hukuirudisha, na soya na mashudu yana uchungu wake juu.

Sasa tunarudi Tanga. Nani ana betaini na glaisini nyingi? Kamba na uduvi. Ule utamu wa kamba unaousikia ukila ndo hivyo vitu vyenyewe. Nenda Deep Sea au Sahare msimu wa kamba uone vichwa na maganda yanavyotupwa, ongea na akina mama wanaomenya, wapelekee ndoo yako asubuhi na uwaachie chochote cha soda, watakujazia. Kwa walioko Bagamoyo pale soko la samaki ni hivyo hivyo. Ukikosa kamba, uduvi mkavu upo sokoni Ngamiani, ni ghali ukilinganisha na vichwa vya bure lakini unatumia kidogo.

Ninavyofanya mie, vichwa naosha mchanga, nachemsha kama dakika kumi bila chumvi, maji yake SIMWAGI. Watu wanamwaga yale maji wanabaki na maganda, sasa umetupa ladha umebaki na gamba! Maganda naanika juu ya turubai, juu yake nafunika chandarua kwa sababu ya kunguru, hawa kunguru wetu wa Tanga wakijua unaanika kamba huna amani mtaa mzima. Yakikauka yanakatika kama bisi, nasaga. Mashine za unga wa ugali watakukatalia kwa ajili ya harufu, nenda kwa wanaosaga chakula cha kuku. Kipimo changu ni nusu kilo ya unga wa kamba kwa kila kilo 10 za chakula. Ukizidisha sana unaingiza gamba na majivu (yaani madini) mengi ambayo sato hameng'enyi vizuri, kilo moja kwa kumi ndo mwisho.

Yale maji ya kuchemshia nayatumia kukandia ule mchanganyiko badala ya maji ya bomba, pamoja na unga wa muhogo kidogo wa kushikilia. Hii ni muhimu maana punje ikisambaratika ikigusa maji, ladha yote inaenda kwa bwawa sio kwa samaki. Mengine nayabakiza naweka friji, nanyunyizia kwenye punje zilizokauka siku ya kulisha, nikimaliza napaka mafuta ya alizeti kidogo, kijiko kwa kilo, yanazuia ladha isiyeyuke yote kabla punje haijafika mdomoni.

Njia ya pili kama huna kamba ni mchachu wa samaki. Unachukua matumbo na vichwa vya samaki wa baharini kutoka sokoni, unasaga, unachanganya na molasi (ile sharubati nyeusi ya kiwanda cha sukari) kama kilo moja na nusu kwa kilo kumi za samaki, unatia mtindi kikombe uwe mbegu, unaweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko (chuma kitaliwa), unakoroga kila siku na kuachia gesi. Kwa joto letu wiki moja hivi inakuwa uji, kwa sababu vimeng'enya vya tumbo la samaki mwenyewe vinaikata ile protini vipande vipande mpaka zinabaki hizo amino asidi, na uchachu unazuia isioze. Inatakiwa inukie uchachu, na ukipima kwa karatasi ya pH (ya kupimia uchachu) iwe chini ya 4.5. Ikinuka uozo fukia, usibahatishe. Na usitumie matumbo ya sato kumlisha sato, ugonjwa ukiwepo unauzungusha mwenyewe bwawani.

Molasi peke yake inasaidia kuficha uchungu na kushikanisha punje, ila usitegemee miujiza. Kitunguu saumu wengi wanatumia na Misri wamekijaribu sana kwa sato, mie natia cha kutwanga siku ile ile, zaidi kwa ajili ya afya yao, na sioni kama kwa ladha kinamfikia kamba hata robo. Betaini ya unga inauzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo kwa ajili ya kuku wakati wa joto, ni unga mweupe kama sukari, gramu 5 mpaka 10 kwa kilo ya chakula zinatosha, ukiwa na bwawa kubwa piga hesabu uone kama inalipa. Vichupa visivyo na maandishi vinavyoitwa "mvuto wa samaki" mie siweki.

Usiamini maneno yangu wala ya yeyote humu bila kupima. Chukua masinia mawili ya kulishia, moja tia chakula cha zamani, moja chenye kamba, uzito sawa, yazamishe ukingo mmoja yakiachana hatua kadhaa. Baada ya dakika 20 inua uone lipi limebaki na nini. Kesho yake badilisha nafasi, maana samaki wanazoea kona, usije ukasifia chakula kumbe unasifia kona. Halafu uvue wachache kila mwezi uwapime uzito, kwa sababu kula sio kukua, kiongeza ladha kinamfanya amalize sahani lakini kama ndani ya sahani protini ni ndogo umepata samaki aliyeshiba tu. Sato wa kukuza anataka protini 25 mpaka 32 kwa mia, vifaranga zaidi ya hapo.

Aliyeuliza chini kuhusu kambale: hao kazi ni rahisi zaidi, masharubu yao manane yote yamejaa vionjeo, anaonja hata kabla hajafungua mdomo na gizani anakipata. Kwao mchachu wa samaki unashinda kamba kwa nilivyoona mie, ila wanataka protini kubwa kuliko sato kwa hiyo dagaa huwezi kuwatoa kirahisi.

Na wewe mkuu wa Muheza dagaa usiwaondoe wote kwa mkupuo. Bakiza kidogo, changanya chakula kipya na cha zamani nusu kwa nusu, ndani ya wiki moja au mbili unasogeza mpaka kiwe kipya chote. Na ukinunua dagaa nunua wa kuanikwa kwenye chanja, wale wa kuanikwa chini wamejaa mchanga, hapo bei unayolalamikia unailipia na mchanga. Soya ikaange kwanza leo, ulete mrejesho humu humu, na kama una picha ya hizo punje tupia tuone.