Kubadili serini kuwa fosfoserini kwenye AMBER

Kwenye AMBER, programu ya kuiga mwendo wa molekuli, huhitaji kutengeneza vigezo vipya vya fosfoserini (serini iliyoongezwa fosfati), vipo tayari. Kwenye tleap, zana ya AMBER ya kuandaa mfumo, pakia leaprc.protein.ff14SB (vigezo vya protini), kisha leaprc.phosaa14SB (vya asidi amino zenye fosfati). Fungua faili la PDB (lenye atomu za protini yako), badili SER (serini) iwe SEP (fosfoserini) kwenye mistari ya asidi hiyo moja tu, acha N, CA, C, O, CB na OG, futa haidrojeni zake zote. tleap itajazia P, oksijeni tatu na haidrojeni yenyewe. Ukisahau kufuta HG, haidrojeni iliyoshikamana na OG, itagoma kuandika faili ikidai atomu hiyo haina aina; wengi hukwama hapo hapo. Angalia pia kusiwe na TER (mstari unaoashiria mwisho wa mnyororo) kabla au baada ya SEP, la sivyo mnyororo unakatika na majirani wanageuzwa kuwa ncha.

SEP ina chaji ya -2, inayofaa pH ya 7.4; kwa fosfati yenye haidrojeni moja tumia S1P. Hesabu upya ayoni za kusawazisha chaji. P huwekwa kwa jiometri ya kawaida bila kujali majirani, kwa hiyo punguza nishati kwanza huku uti wa mgongo wa protini ukiwa umezuiwa usisogee.

Hii ni kwa asidi zilizomo kwenye phosaa14SB tu. Isiyokuwemo inadai uhesabu mwenyewe chaji za atomu zake kwa njia ya RESP, ikiwa imefungwa ncha zake kwa vikundi vya ACE na NME.