Kabla hujasema "ile ya zamani ndiyo ilikuwa muvi"

Mwaka jana, jioni moja umeme upo na bando lipo, nilikaa na mwanangu mkubwa, mvulana wa miaka 12, tukaweka Godzilla ya 2023, ile ya Wajapani, muvi ya lile dude kubwa linalotoka baharini. Nilikuwa nimeisubiri kwa hamu. Dakika kumi hazijaisha nikaanza: "Ile yetu tuliyoangalia kibandani, huyu alikuwa anapita katikati ya maghorofa ya New York." Mtoto akanyamaza. Nikaongeza: "Ile yetu alikuwa na mbio." Akanyamaza tena. Boti ya mbao ilipoanza kufukuzwa baharini, nikafungua mdomo kwa mara ya tatu, naye akabonyeza kusimamisha. "Baba, wewe unaangalia nyingine."

Hakusema kwa hasira. Alisubiri nimalize nilichotaka kusema, ndipo aendelee. Nilikosa la kusema.

Nimeishi na muvi tangu utoto. Nilikulia mbele ya TV ya chogo kwenye kibanda cha video pale Igoma, Mwanza, na baadaye kwa miaka sita nilifanya kazi kwenye laibrari ya muvi Mabatini, kazi yangu ikiwa kuwajazia watu flashi. Kila mzigo mpya ulipokuja wenye jina la zamani, wateja walisema "wameiharibu", na mimi niliwaunga mkono kabla hata sijaiangalia. Kwa hiyo ninachokushauri leo nimekilipia. Nakushauri hasa wewe mwenzangu uliyekulia vibandani na sasa una watoto wanaotaka kukaa na wewe mbele ya skrini.

Nianzie kwa bibi yangu, mama yake baba, aliyekuwa akiishi Kisesa, karibu na Bujora palipo na Makumbusho ya Wasukuma. Hadithi yake kubwa ilikuwa ya Masala Kulangwa na Shing'weng'we. Wasukuma mnaijua. Shing'weng'we ni dude lililomeza watu wote na mifugo yao, likamkosa mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Mwanamke akajifungua mtoto wa kiume, mtoto akakua akiuliza watu wengine wako wapi. Alipopata jibu akalitafuta lile dude, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wakatoka wazima. Ila wakati wa kupasua, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa mle ndani, na bibi kizee huyo hakushukuru hata kidogo. Alitoka akidai sikio lake. Sehemu ya sikio ndiyo tuliyoisubiri sisi wajukuu.

Shing'weng'we wa bibi alitoka porini. Ndivyo nilivyomsikia tangu nikiwa mdogo kabisa.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ikazama ikiwa imeshaikaribia Mwanza. Mamia ya watu walikufa. Nilikuwa na miaka 9. Wengi waliopatikana walizikwa Igoma, kando ya barabara ileile tuliyopita kwenda kwa bibi. Likizo ya Desemba tukakusanyika kwake kama kawaida, akasimulia tena, na safari hii Shing'weng'we akatoka ziwani. Binamu yangu akamkatiza: "Bibi, huyu si anatoka porini?" Bibi akajibu, "Zamani alitoka porini," akaendelea. Na tumbo lilipopasuliwa, watu walitoka wamelowa. Bibi hakuwahi kukaa sana kwenye sehemu hiyo, lakini usiku ule aliwatoa mmoja mmoja: mama na mtoto mgongoni, mwanafunzi na sanduku lake la bati, mwenye ndizi na mikungu yake, wote wakikamua nguo zao pale ufukweni. Watu wazima waliokuwa wamekaa nyuma yetu walikaa kimya mpaka mwisho.

Hakuna aliyemwambia bibi kwamba ameharibu hadithi. Basi nikajiuliza, baada ya maneno ya mwanangu, kwa nini mtu wa Tokyo au wa California akifanya hivyohivyo namdai anirudishie ya mwanzo kama ilivyokuwa.

Huo ndio ushauri wangu wenyewe. Ukikaa kuangalia muvi iliyotengenezwa upya, usianze kutafuta kilichobadilishwa. Tafuta anayesimulia sasa hivi anaogopa nini. Ukilipata hilo, utajua kwa nini amebadilisha, na ukilikosa kabisa, basi una haki ya kulalamika.

Chukua huyohuyo Godzilla. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ilijaribu bomu la haidrojeni kwenye kisiwa cha Bikini, bahari ya Pasifiki. Boti ya wavuvi wa Japani, Daigo Fukuryu Maru, yenye watu 23, ilikuwa ikivua mbali na pale. Majivu meupe ya sumu yakawadondokea na wote wakaugua. Mmoja wao akafa Septemba. Novemba mwaka huohuo Godzilla wa kwanza akaingia kwenye majumba ya sinema Japani, na muvi inaanza na meli inayoteketea baharini ghafla kwa mwanga mkali, huku ndugu wa mabaharia wakikimbilia ofisini kuuliza habari. Mtu wa Mwanza haelezwi kitu hapo. Tunajua kusimama bandarini kusubiri orodha ya majina.

Sasa njoo kwenye "ile yetu", ya 1998, niliyoitetea mbele ya mwanangu. Nayo ni ya kutengenezwa upya! Wamarekani walilichukua dude la Wajapani wakalipeleka New York. Na bomu lililolizaa halikuwa tena la Marekani, lilikuwa la Wafaransa. Limebaki mjusi mwenye mimba anayetafuta mahali pa kutagia, anavutwa kwa rundo la samaki katikati ya mji. Niliipenda kwa sababu nilikuwa na miaka 11 na kelele zilikuwa nyingi. Leo nikiiangalia naona wamelifuta kosa lao na kumpa jirani. Hapo hofu imeondolewa, na Godzilla bila hofu hiyo ni mnyama mkubwa tu.

Nikiwa Mabatini alikuja mzee mmoja, mvuvi, mtu wa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, kwenye mwalo wake, akataka "ile ya mjusi mkubwa". Nikamwekea ya 1998 bila kuuliza. Siku ya pili akarudisha flashi. "Siyo hii. Nataka ile ya vikao." Alikuwa ameona kipande cha Shin Godzilla ya 2016 mahali fulani. Hiyo Wajapani waliitengeneza baada ya tetemeko, tsunami na ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, Machi 2011, na kweli sehemu kubwa ni vikao: wakubwa wanahama chumba hadi chumba wakijadili nani ana mamlaka ya kuamuru nini, wakati dude linazidi kuingia mjini. Vijana wengi waliniambia inachosha. Yule mzee aliirudia mara tatu. Nilipomuuliza kwa nini, alisema alikuwa ziwani mwaka 1996, na hakuongeza neno.

Tangu siku hiyo nilianza kuwauliza wateja mwaka, na wewe nakusihi uutaje. Jina moja linabeba muvi nne au tano zisizofanana. King Kong kuna ya 1933, ya 1976 na ya 2005, Dune kuna ya 1984 na ya 2021. Usipotaja mwaka utawekewa iliyotoka karibuni, au ile iliyopo kwenye kompyuta ya muuzaji, halafu utawalaumu watengenezaji kwa kosa la flashi.

Kuna za kurudiwa ambazo hata mimi sizitetei, na nitakutajia moja inayotuhusu. Ukitoka Mwanza kwa barabara ya Musoma, ukishapita Lamadi unafika geti la Ndabaka, na hapo unaingia Serengeti. Simba wako hapo, jirani zetu, na wamo kwenye The Lion King, muvi maarufu kuliko zote za wanyama, yenye majina ya Kiswahili: Simba, Rafiki, Pumbaa. Ya 1994 ilichorwa kwa mkono. Ya 2019 ikatengenezwa kwa kompyuta, manyoya yanapeperuka kama ya kweli kabisa, na James Earl Jones, aliyekuwa sauti ya Mufasa mwanzo, akarudi kuwa Mufasa tena. Niliiweka kwa ajili ya binti yangu wa miaka 7. Mufasa akaanguka, mtoto akamfuata, akajiegemeza kwenye mwili wa baba yake. Binti yangu akageuka akanitazama: "Baba, mbona Simba halii?"

Halii kwa sababu simba wa kweli hana uso wa kulia kama wetu, na walioitengeneza walitaka awe wa kweli. Ila kwenye ya 1994 machozi yalikuwepo. Walifuata kisa karibu hatua kwa hatua, picha kwa picha, wakamwondolea mtoto chozi. Ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1.6, na hiyo ndiyo sababu studio haziachi kurudia: jina ambalo dunia nzima inalijua limeshajitangaza lenyewe. Hao mimi siwasikii wakiogopa kitu chochote, isipokuwa kukosea.

Kwa upande wa sizoni, kama una muda, tafuta Battlestar Galactica. Ya 1978 ilidumu sizoni moja tu: maroboti yanateketeza sayari 12 za wanadamu, waliobaki wanakimbia na meli zao angani. Mwaka 2003 wakaianza upya, miaka miwili baada ya mashambulizi ya Septemba 11 Marekani, na badiliko moja lilibeba yote, kwamba adui sasa ana sura ya mtu. Anakaa na wewe mezani. Waliokulia na ya kwanza waligombana sana kwa sababu rubani Starbuck, aliyekuwa mwanamume, amekuwa mwanamke. Walishika hilo wakaachia lile kubwa. Usifanye hivyo. Ukihesabu kofia, jinsia na rangi za nguo, utapitwa na jambo lenyewe. Doctor Who nitaitaja kwa kifupi: ilianza 1963, ikakatika 1989, ikarudi 2005, na shujaa wake akifa huzaliwa upya na sura nyingine. Wao walilimaliza tatizo hili mapema.

Na ukumbuke kwamba sisi hatukuwahi kuangalia "ya mwanzo" yenyewe. Tuliangalia za kutafsiriwa, juu yake sauti ya Lufufu au ya DJ mwingine, steringi kapewa jina la mtaani, bomu limelipuka Kariakoo. Wale walitusimulia upya muvi za watu, kwa hofu zetu na vicheko vyetu, na tuliwapenda kwa hilo. Tusiwanyime watoto wetu walichotupa wale.

Kwa hiyo, ukiwa na mtoto, mwache aanze na ya kizazi chake, na mara ya kwanza ukae kimya kabisa. Ya zamani usiitangaze. Iweke mahali anapoweza kuiona, usubiri aiulize mwenyewe. Mwanangu aliniuliza wiki mbili baada ya jioni ile: "Kwani wa kwanza kabisa alikuwaje?" Tukaangalia ya 1954, haina rangi, tunasoma maandishi ya chini, na kwenye ile meli inayowaka yeye ndiye aliyesema taratibu, "Kama ya bibi."

Mwezi uliopita umeme ulikatika, nikawasikia yeye na mdogo wake barazani. Alikuwa anamsimulia Shing'weng'we. Hakutoka porini wala ziwani. Alikuwa anapiga simu, anaiga sauti ya mama yako, anasema njoo nje, na wanaotoka anawameza. Nilisimama mlangoni. Neno la kumsahihisha lilinifika mdomoni, nikalimeza.

Binti akamkatiza. "Na yule bibi kizee, sikio lake?"

"Lilikatika," akasema kaka yake. "Tulia, nafika hapo."