Kikao cha maoni kuhusu kituo cha mboji: kuna maana au ni geresha?

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kwenda kutoa maoni kuhusu kituo cha mboji, au uamuzi huwa umeshapita. Nimekaa kwenye vikao hivyo kama jirani wa eneo, si mtaalamu. Kukizuia kituo ni nadra. Kukibana kwa masharti inawezekana kabisa, na nguvu ziende huko.

Wengi husimama wakasema "kitanuka", wakapigiwa makofi, wakakaa. Kwenye kumbukumbu inaandikwa "wananchi wana wasiwasi kuhusu harufu", basi imekwisha. Ofisa ataifanyia nini sentensi hiyo? Muulize mwombaji wa kibali hivi: lori likimwaga mabaki ya jikoni, yatalala wazi muda gani kabla ya kuchanganywa na matawi yaliyosagwa? Maana uvundo unaanza rundo linapokosa hewa, hasa likiwa limeloa na halina vitu vikavu vya kutosha. Kwetu swali hilo lilizaa sharti: taka mbichi zichanganywe siku ileile zinapopokelewa. Limo ndani ya kibali, na mkaguzi anaweza kulitumia kumbana mwenye kituo.

Ulizia pia kugeuza matuta, yaani marundo marefu ya mboji, maana ndipo harufu iliyojificha inatoka. Huwezi kuwakataza wasigeuze: kanuni za Marekani za mboji ya tope la majitaka, kwa mfano, zinataka matuta yakae nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi kwa siku 15, yakigeuzwa angalau mara 5, ili vimelea vife. Ila unaweza kudai wasigeuze upepo ukielekea kwenye makazi, na daftari la joto liwe wazi kwa yeyote. Kuhusu umbali, usitaje namba ya kubuni. Uingereza hutumia mita 250: kituo kikiwa karibu zaidi ya hapo na watu, mwombaji anatakiwa kutathmini hatari ya vijidudu vinavyopeperuka hewani.

Malori ni habari nyingine: huenda hayako chini ya ofisi inayoendesha kikao chako. Mara nyingi kibali cha matumizi ya ardhi na cha mazingira vinatoka ofisi tofauti, kwa hiyo ukikosea mlango utaambiwa "si mamlaka yetu".

Chochote utakachosema, kipeleke pia kwa maandishi kabla ya muda kufungwa, nakala yako igongwe muhuri. Sehemu nyingi, hoja usiyoitaja mapema ni vigumu kuikatia rufaa baadaye.