Wadogo zangu wa takwimu, wafuateni watoto darasa kwa darasa

Msimu wa maoteo, yaani makadirio ya wanafunzi wa miaka ijayo, umefika tena, na nimekuwa nikipitia majedwali ya maafisa takwimu na vifaa wa elimu walioajiriwa karibuni kwenye halmashauri. Karibu wote wamepita njia moja: wamechukua uandikishaji wa mwaka jana, wakaongeza asilimia 3.2 kwa kila kata, wakavuta fomula hadi mstari wa mwisho, wakatuma kwa mkurugenzi. Wadogo zangu, hiyo 3.2 ni kasi ya ongezeko la watu kwa mwaka, Tanzania nzima, kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022, watu milioni 44.9 walipofikia milioni 61.7. Haijui kwamba mtaa wenu wa viwanja vipya umejaa wazazi vijana, wala kwamba katikati ya mji nyumba za kuishi zimegeuka maduka na maghala. Najua mnakesha na kazi hii. Inaniuma kuona mnakesha na namba isiyowasaidia.

1. Anzieni zahanati. Mtoto anayechanjwa surua leo akiwa na miezi 9 ataingia darasa la awali akifika miaka 5, na la kwanza akiwa na miaka 6. Ameshazaliwa, na rejesta ya chanjo inaonyesha anatoka kitongoji gani. Ombeni idadi kwa kila kitongoji, mkae na mtendaji wa kijiji mlinganishe na daftari lake, kwa sababu wapo akina mama wanaopeleka watoto zahanati ya kata jirani kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Kazi hii ni ya siku chache kwa kata. Nimeona halmashauri zikikosa kuifanya, halafu Januari mwalimu mkuu anapokea watoto ambao kila muuguzi wa pale alikuwa anawajua.

2. Wastani wa halmashauri usiwaridhishe. Shule moja ikiwa na wanafunzi 30 kwa chumba na nyingine 150, wastani hauwasaidii wale 150. Andikeni uwiano wa kila shule mbele ya kiwango cha 1:45.

3. Wimbi ni la watoto walewale, na linapanda ngazi. Hapa naomba mnivumilie niseme kwa kirefu.

Mwishoni mwa 2015 ulitoka Waraka wa Elimu Na. 5, na Januari 2016 elimumsingi bila malipo ikaanza. Katika halmashauri niliyokuwapo, watoto waliofika la kwanza hawakuwa wa rika moja. Walikuja waliotimiza umri mwaka ule, wakaja pia wa miaka 8 na 9 waliokuwa wamebaki nyumbani kwa sababu ya michango. Rejesta ilijaa, mwalimu akabandika karatasi za daftari kwa gundi ili majina yaenee. Sisi mezani tukaichukua idadi ya 2016, tukaifanya msingi wa hesabu, tukaizidisha kwenda mbele. Kwa jedwali letu, kila mwaka ungekuwa kama 2016 na zaidi.

Tukaomba vyumba vya madarasa ya chini. Tukaomba madawati mafupi, ya watoto wa la kwanza na la pili. Fedha ilichelewa, zabuni ikachelewa, na madawati yakafika wakati kundi lile liko la nne. Nilikwenda shule moja wapo kukagua mapokezi. Watoto walikuwa wamekaa upande upande, magoti hayaingii chini ya meza, daftari limewekwa pajani. Chumba cha la kwanza, mlango wa pili tu, kilikuwa na nafasi. Waliochelewa walishaingia wote mwaka mmoja, hawakuwa na wenzao wa kuwafuata kwa wingi ule. Mwalimu mkuu hakulalamika. Aliniuliza tu kama madawati yanaweza kubadilishwa, na jibu lilikuwa hapana, yameshalipiwa.

Tungechukua penseli tukawafuata tangu 2016, tungewaona la tatu mwaka 2018, la saba mwaka 2022, kidato cha kwanza Januari 2023. Hesabu ya kujumlisha tu! Mwishoni mwa 2022 nchi nzima ilikuwa inakimbizana kujenga madarasa 8,000 ya sekondari ili kuwapokea. Yalijengwa, na wote walioshinda site usiku na mchana nawapa heshima yao. Lakini sekondari inayojengwa kwa kukimbizana hujengwa penye eneo tayari, na eneo tayari mara nyingi liko mbali na watoto. Nimekutana na wasichana wa kidato cha kwanza njiani kabla jua halijachomoza, viatu mkononi kwa sababu ya umande.

4. Boma, yaani kuta zisizoezekwa, lililofika renta kwa nguvu za wananchi bado si darasa, msilihesabu. Na kila chumba kipya kihesabiwe na vyoo vyake: tundu 1 kwa wasichana 20, tundu 1 kwa wavulana 25.

5. Sasa tazameni 2028. Mtaala mpya ulianza 2024, na elimu ya msingi imekuwa miaka sita. Waliokuwa la tatu mwaka ule wanamaliza la sita 2027. Waliokuwa la nne, waliobaki kwenye mtaala wa zamani, wanamaliza la saba 2027 hiyohiyo. Makundi mawili yanabisha hodi kidato cha kwanza Januari 2028. Nimeona mtu amekadiria kundi moja, tena akalipunguza kwa asilimia ya ufaulu wa miaka iliyopita. Elimu ya lazima sasa ni miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Acheni kuwapunguza kwa ufaulu.

Bajeti ya 2027/28 inaanza Julai 2027, miezi sita kabla hawajafika, na kati yake zipo zabuni, mvua na fedha inayoingia kwa awamu. Kwa hiyo maombi yakae kwenye bajeti ya 2026/27. Mkuteni kila Afisa Elimu Kata, achukue orodha za makundi hayo mawili shule kwa shule, aondoe waliohama kwa kutazama PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, aongeze waliohamia, kisha aandike sekondari wanayoweza kuifikia kwa miguu. Penye watoto bila sekondari ya karibu, eneo litafutwe sasa, kabla viwanja vyote havijauzwa.