Maswali ya Wasomaji: Mwanangu Anataka Kuishi kwa Raga ya Ligi

SWALI: Mwanangu wa kiume ana umri wa miaka 17 na anacheza raga ya ligi, ile ya wachezaji 13 kila upande. Anasema akimaliza shule hataki kusikia habari ya kazi nyingine yoyote. Mimi mpira huo sijawahi hata kuushika. Naomba kujua kama kazi hiyo inaweza kumlisha mtu, na kama inaweza, itamlisha kwa miaka mingapi.
Mama wa watoto watatu

JIBU: Mama, wasiwasi wako ni wa siku nyingi kuliko unavyodhani, kwa sababu mchezo huu wenyewe ulizaliwa kutokana na suala la riziki. Tarehe 29 Agosti 1895, viongozi wa vilabu vya kaskazini mwa Uingereza walikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield, wakajitenga na chama kilichosimamia raga, kwa kuwa chama hicho kilikataa katakata mchezaji kufidiwa ujira alioukosa siku aliyoacha mgodi au kiwanda ili akacheze. Waliojitenga waliruhusu fidia ya shilingi 6 kwa siku. Mwaka 1898 wakaruhusu malipo kamili, ila kwa sharti ambalo laiti lingekuwapo hata sasa: mchezaji alipaswa kuwa na kazi nyingine halali, la sivyo hakuruhusiwa kuingia uwanjani.

Sharti hilo lilikwisha kufutwa, lakini hali yenyewe haijatoweka. Wanaoishi kwa raga ya ligi pekee wamejaa katika mashindano mawili, yaani NRL, ambayo vilabu vyake viko Australia na New Zealand, na Super League ya Uingereza. Chini ya hapo wengi hufanya kazi mchana na mazoezi jioni. Mwaka 2025 NRL ilikuwa na vilabu 17, na kikosi cha kwanza cha kila klabu huwa na wachezaji 30. Ukizidisha unapata nafasi 510, ambazo hugombewa na vijana wa nchi hizo mbili, wa Papua New Guinea, ambako huu ndio mchezo wa taifa, na wa visiwa vingi vya Pasifiki. Kwa hiyo kazi hii hulisha, na wakati mwingine hulisha vizuri sana, lakini mlango wake ni mwembamba.

Kuhusu miaka, ningependa utazame mechi moja ukiwa na mwanao, na kwa dakika chache usiufuate mpira. Mfuate mmoja wa wale wanaume wanene wa mstari wa mbele. Ataupokea mpira akiwa mbioni, atagongwa na watu wawili au watatu kwa pamoja, ataangushwa, atasimama, ataweka mpira chini na kuuviringisha nyuma kwa unyayo. Timu yake ikishakabwa mara 6 mpira huenda kwa wapinzani, na sasa ni zamu yake kukaba: atamwangusha mtu, atainuka, atarudi nyuma mita 10 kama sheria inavyotaka, kisha atakimbia mbele kugongana tena. Mtazame anapoyashika magoti yake kwa mikono kutafuta pumzi, halafu ujiulize mwili huo utavumilia misimu mingapi. Cameron Smith wa Melbourne Storm alicheza mechi 430 za NRL na kustaafu mwaka 2021 akiwa na miaka 37, lakini yeye huhesabiwa kuwa ajabu ya mchezo huu. Wengi huwa wameondoka kabla ya hapo, na wako ambao goti au bega huwaondoa kabla hawajafikisha hata miaka 25.

Jambo ambalo wazazi hulisahau ni kichwa. Tangu mwaka 2023, mchezaji wa NRL aliyeonyesha dalili bayana za mtikisiko wa ubongo hulazimika kukaa nje kwa angalau siku 11, isipokuwa kwa ruhusa maalumu ya kitabibu. Mwanao akikuambia kwamba aliona nyota kidogo tu kisha akaendelea kucheza, usimsifu kwa ushujaa. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Lipo pia suala la mikataba, nalo halina uhusiano na mwili. Mikataba mingi ni ya miaka michache tu, na ligi zote mbili zimeweka kikomo cha jumla ya mishahara ambayo klabu inaweza kulipa. Kikomo hicho si cha maonyesho: mwaka 2010 Melbourne Storm ilipogundulika kuwa imelipa zaidi kwa siri, ilinyang'anywa ubingwa wake wa 2007 na wa 2009. Kwa mchezaji wa kawaida maana yake ni kwamba anaweza kuachwa akiwa na afya njema na kiwango kizuri, kwa sababu tu klabu imemwongezea nyota mmoja mshahara na fungu limekwisha. Kabla mwanao hajatia saini popote, tafuteni mwanasheria asiye na maslahi katika usajili huo, na mumwonyeshe hasa kifungu kinachoeleza ni nani atalipia matibabu ya jeraha iwapo mkataba utaisha kabla halijapona. Nami ningekuwa wewe nisingemkataza kucheza, ila ningemdai ufundi au masomo pembeni bila kuona haya.

SWALI: Nina miaka 23 na nacheza raga ya wachezaji 15 kama flanka, yaani mmoja wa wachezaji wa mbele. Je, inawezekana kuhamia raga ya ligi na kulipwa?
Flanka

JIBU: Inawezekana, na leo hakuna atakayekuadhibu. Hadi mwaka 1995, mchezaji wa raga ya wachezaji 15 aliyekubali fedha za raga ya ligi alifungiwa maisha na upande aliotoka. Sasa watu huenda na kurudi. Sonny Bill Williams alitwaa ubingwa wa NRL na klabu ya Bulldogs mwaka 2004, akatwaa Kombe la Dunia la raga ya wachezaji 15 na New Zealand mwaka 2011, kisha akarudi kwenye raga ya ligi na kuwa bingwa na Sydney Roosters mwaka 2013.

Tatizo lako, ndugu yangu, ni nafasi unayocheza. Flanka hupata sifa kwa kupora mpira pale mtu anapokuwa ameangushwa, na katika ligi kazi hiyo haipo, kwa kuwa aliyekabwa huachiwa asimame na kuuchezesha mpira wake. Winga akihama huchukua mbio zake. Wewe utauacha nyuma ufundi wako mkubwa na kubaki na nguvu, pumzi na ukabaji. Anza na klabu ya ridhaa kwa msimu mzima kabla ya kuacha kazi uliyo nayo.

SWALI: Kocha ameniambia kwamba mimi ni mfupi mno. Kweli kuna urefu wa chini unaotakiwa?
Mfupi

JIBU: Sheria haina urefu. Hayati Rob Burrow wa Leeds Rhinos alikuwa na sentimita 165, na katika klabu hiyo alitwaa ubingwa wa Super League mara 8. Katika fainali ya mwaka 2011 aliupokea mpira karibu na katikati ya uwanja, akainama kupita chini ya mkono wa mkabaji wa kwanza, akawazunguka wengine kwa mbio na kufunga. Mtafutie kocha wako picha za bao hilo.