Cheupe si Kimoja: Majibu ya Maswali ya Shambani

Barua za msimu huu zimefanana mno. Jani limeonekana na kitu cheupe, mwenye shamba kakimbilia agroveti, kapiga dawa, na hali iko vile vile. Tumechagua nne, tatu kati yake zikilalamikia weupe, na kila weupe una asili yake.

Miembe yangu ya ngowe imetoa maua mengi lakini yana unga mweupe na yanapukutika. Nimepiga dawa ya wadudu mara mbili, sijaona nafuu. Niongeze kipimo? — Mkulima, Ganda, Malindi

Usiongeze, na hiyo chupa iweke kando kwanza. Asubuhi, kabla jua halijapanda, chuma shada moja la maua ulisugue kwa kidole gumba. Kikitoka kitu kama unga wa ngano, kikavu, na chini yake kikonyo kimekuwa rangi ya kahawia, huo ni ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu ambao wengi huuita ukungu tu. Kidole kikinata, na ukahisi kitu laini kimepasuka, hao ni vidung'ata, wadudu waliojivika nta. Tazama pia majani yaliyo chini ya shada. Vidung'ata hudondosha utomvu mtamu, na juu yake huota masizi meusi kama ya chungu, huku sisimizi wakipanda na kushuka shinani. Ubwiri hauna masizi wala hauwaiti sisimizi.

Kwa namna ulivyoeleza, unga na maua kupukutika, tunaelekea kwenye ubwiri. Dawa ya wadudu haiui kuvu hata ukiipiga mara kumi. Tena imekutia hasara ya pili: mwembe huchavushwa na nzi na nyuki, na ukipiga sumu maua yakiwa wazi unawafukuza au kuwaua walewale wanaokutengenezea embe.

Dawa ya ubwiri ni salfa ya kuchanganya na maji. Ile ya asilimia 80 hupimwa kwa kawaida gramu 40 hadi 50 kwa pampu ya lita 20, lakini kipimo cha kufuata ni kile kilichoandikwa kwenye pakiti yako. Wakati wake ni shada linapoanza kurefuka, kabla maua hayajafunguka, kisha unarudia kila baada ya siku 10 hadi 14 mpaka vijiembe vishike. Piga alfajiri au jioni. Joto likizidi nyuzi 32 salfa huunguza, na adhuhuri ya Malindi hufika hapo bila taabu. Usiichanganye na dawa yoyote ya mafuta, na ukishapiga mafuta ngoja wiki mbili kabla ya salfa. Maua yaliyokwisha kukauka hayarudi. Unachokinga ni mashada yanayokuja.

Wengi hushangaa kwamba ubwiri unga hauhitaji mvua. Mbegu zake huota kwenye jani kavu, ilimradi hewa ya usiku ina unyevu, na mvua kubwa huuosha. Madoa meusi yanayotokea kwenye mashada baada ya mvua au umande mzito ni ugonjwa mwingine, na salfa haitausaidia.

Jambo moja la kukupunguzia wasiwasi: shada moja lina mamia ya maua, pengine maelfu, na yanayofika kuwa embe la kuvunwa hayafiki moja kwa mia. Ukiona yamejaa chini ya mti lakini mashada ni safi, mwembe uko kwenye shughuli zake.

Mipapai yangu imejaa pamba nyeupe chini ya majani na hata kwenye matunda. Jirani anasema ni ukungu, nipige salfa. — Mama wa Gede

Mama, jirani amekosea, ingawa ukitazama kwa mbali utadhani yuko sawa. Chukua njiti ya kiberiti ufukue hiyo pamba. Ndani utakuta kidudu cha manjano, kidogo kuliko punje ya mchele, na ukikiponda kinatoa maji ya manjano. Ukitaka uhakika zaidi, tia vidudu vichache kwenye kifuniko chenye spiriti ya hospitali isiyo na rangi, ukifunike. Baada ya siku moja au mbili vikigeuka weusi wa kibuluu, huyo ni kidung'ata cha mpapai, mgeni mwenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati, aliyeripotiwa Kenya mwaka 2016.

Ile pamba ni mfuko wa mayai, na nta yake humwaga dawa kama jani la myugwa linavyomwaga maji. Ndiyo maana watu hupiga sumu kali na wadudu wakabaki. Anza kwa mkono: kata majani yaliyozidiwa, yatie ndani ya gunia papo hapo ulipo, yachome au uyafukie. Usiyaburute shambani, kwani kila hatua utakuwa unapanda wengine. Kisha piga maji kwa nguvu upande wa chini wa jani, ufuatishe maji ya sabuni ya maji, mililita 10 hadi 20 kwa lita moja, uyajaribu kwanza kwenye majani mawili matatu. Rudia kila siku 7, mara tatu, kwa sababu sabuni haiui mayai na yataanguliwa baada ya wewe kuondoka.

Sisimizi nao wazuie. Funga ukanda wa plastiki shinani, uupake grisi juu yake. Usiipake grisi kwenye gome lenyewe. Wao huwalinda vidung'ata kwa ajili ya ule utomvu, na pasipo ulinzi maadui wa vidung'ata hupata nafasi. Kati ya maadui hao kuna buu mweupe mwenye manyoya ya nta, anayefanana na vidung'ata vyenyewe isipokuwa ni mkubwa zaidi na anakimbia. Huyo anawala, mwache. Yuko pia nyigu mdogo mno, Acerophagus papayae, anayetaga yai ndani ya kidung'ata, na Ghana na India wamemtumia dhidi ya mdudu huyu. Sumu za kuua kila kitu humwua yeye kwanza.

Ndimu yangu uani imeungua kingo za majani na juu yake kuna vumbi jeupe. Nimeambiwa ni kuvu, ninyunyize baking soda. Nitie kiasi gani? — Shela, Lamu

Usitie hata chembe. Chovya kidole kwenye hilo vumbi uonje, almuradi hujapiga dawa juu yake. Tunadhani utaonja bahari.

Madoa ya kuvu hutawanyika ovyo kwenye jani, mara nyingi yana mduara, na huhama kutoka jani hadi jani. Chumvi huanza kwenye ncha, ikafuata kingo, na majani makongwe ndiyo hutangulia. Kama yameungua ya upande wa baharini peke yake, lawama ni ya upepo wa kusi. Kama ni mti mzima, lawama ni ya maji ya kisima unayomwagilia. Ndimu ni dhaifu mbele ya chumvi: huanza kuumia maji yakiwa na hata chini ya gramu moja kwa lita, kiasi ambacho ulimi uliozoea maji ya kisima hauwezi kukitambua. Chemsha lita moja ya maji hayo kwenye sufuria mpaka yakauke, uone tabaka litakalobaki.

Baking soda ina sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi, kwa hiyo utakuwa unaongeza ugonjwa kwa jina la dawa. Mbolea za chumvichumvi nazo ziache kwa sasa. Acha kumwagia kikombe kikombe kila siku, maana maji hukauka na chumvi hubaki kwenye mizizi. Badala yake mwagilia madebe mawili ya maji ya mvua, polepole, mpaka yazame chini kabisa. Siku za kusi kali osha majani jioni, na usimamishe ukuta wa makuti upande wa upepo. Chumvi haina dawa ya kunyunyiza, na anayekuuzia moja anakuuzia maji.

Sabuni niliyopima inageuka kama maziwa, haitoi povu, na vidukari kwenye kunde hawafi. — Matondoni

Maji yako ni magumu. Kisima kilichochimbwa kwenye jiwe la matumbawe hutoa maji yenye chokaa, na chokaa hukamata sabuni kabla haijafika kwa mdudu. Ule utando mweupe ndio sabuni yenyewe iliyoharibika, na utaziba mdomo wa pampu. Usiongeze sabuni, wala usihamie ya unga ya kufulia, itaunguza majani. Jaza nusu chupa, tia matone 10 ya sabuni, tikisa: maji ya jabia, yaani birika la kuhifadhia maji ya mvua, yatatoa povu la kukaa, ya kisima hayatatoa. Basi sabuni yako ichanganye na ya jabia.

Jabia likiwa tupu, tumia mwarobaini, ambao wengine huuita mkilifi. Twanga gramu 50 za mbegu kavu kwa kila lita ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa kizito, upige chini ya majani jioni, kwa kuwa jua huivunja nguvu yake haraka. Itakayobaki kesho yake imwage.