Deni nnalo kweli, lakini sheha kaingiaje?

SUALI: Assalaam alaykum. Mimi napika bajia na chapati nauza hapa Wete karibu na stendi. Nilikopa kwa aplikesheni ya simu, nkaomba 150,000, nkaingiziwa 108,000, nilipe 165,000 baada ya siku saba. Siku yenyewe ilipofika mvua tangu alfajiri mpaka magharibi, biashara hakuna, nkalipa 60,000 nkaomba muda. Siku ya tisa ndo wakaanza, simu kumi asubuhi moja, kisha wakampigia mama mkwe, wakampigia ustadhi wa madrasa anayosoma mwanangu, wakampigia na sheha. Mwisho wameichukua picha yangu ya kitambulisho wakafungua grupu la WhatsApp, watu 31, juu wameandika MWIZI HUYU. Sasa wanasema wananidai 190,000. Mama mkwe hasemi kitu lakini chai yangu hanywi tena. Deni nakubali nnalo, ila hii ndo haki yao? Polisi naogopa, nisije nkawekwa ndani mimi.
Mama Bajia, Wete

JAWABU: Wa alaykumu salaam dada yangu. Naanza na hilo la polisi mana naona ndo linalokunyima usingizi. Kuchelewesha deni si wizi, ni madai, na polisi kazi yao si kukusanya madeni ya watu. Anaekudai akitaka kukulazimisha akafungue kesi mahkamani, atoe mkataba wake, na wewe usikilizwe. Hao vijana wa simu wanajua hivyo ndo mana wanapenda kutisha kuliko kushtaki. Msomaji wetu mmoja wa Micheweni aliambiwa "tunakuja kwako jioni hii na pikipiki kutoka Dar", sijui bahari wangeivuka vipi na hiyo pikipiki.

Wenye kuiogopa polisi ni wao. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumbughudhi au kumtia simanzi, na adhabu yake ni faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote viwili. Na Pemba inafika.

Halafu iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Hapa kuna jambo watu hawaliangalii vizuri. Ulipopakua ile aplikesheni ilikuuliza iruhusiwe kuona namba zako zote za simuni na wewe ukabonyeza "ruhusu", sote tunabonyeza tu. Sawa, umeruhusu wewe, je sheha karuhusu? Namba ya sheha ni ya sheha. Kwa hio yeye na ustadhi na mama mkwe kila mmoja ana malalamiko yake mwenyewe ya kupeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sheha akilalamika na yeye, mambo yanakuwa mengine kabisa.

Sasa usiifute hiyo aplikesheni kwa hasira, watu wengi wanafuta kisha wanakuja kwetu mikono mitupu. Piga skrinshoti kwanza, ile grupu na jina lake na namba ya alieifungua na orodha ya waliotiwa ndani, meseji za vitisho, meseji ya kuingia 108,000 na ile ya kulipa 60,000. Mtumie mtu unaemuamini azihifadhi. Ukishamaliza ingia kwenye seting za simu uiondolee ruhusa ya namba na picha, hapo ndo ufute. Kisha nenda polisi na ushahidi wako, wakuandikie RB, ile kumbukumbu ya taarifa yako, usitoke bila ya namba yake.

Uliza pia kama hao wana leseni ya Benki Kuu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zinazokopesha mtandaoni bila ya leseni, na tawi la Benki Kuu lipo Unguja. Huko Pemba, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Chake Chake, watakusaidia kuandika barua. Na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar ipo kwa ajili ya mtumiaji anaedhulumiwa.

Ila usinielewe vibaya, pesa ya mtu ulioitia mkononi ni ya mtu hata kama hana leseni. Umepokea 108,000 umerudisha 60,000, ile ya asili imebaki 48,000. Wao walitaka 57,000 juu kwa wiki moja, zaidi ya nusu ya ulichopewa, na ukiniuliza mimi hio ni riba ya kuchuna ngozi. Waandikie meseji moja tu ya adabu, wakuletee mchanganuo wa 190,000 imetoka wapi, na useme utaweza kulipa kiasi gani na lini. Na kijana akikwambia "nitumie kwa namba yangu hii nikufungie faili" usitume hata mia, lipa pale palipoandikwa kwenye mkopo tu, mana yule akishakula wewe bado unadaiwa.

Mama mkwe mwoneshe simu mwenyewe, zile meseji zote, kabla hajahadithiwa na mwengine. Kama ni mtu wa kusoma, aya ya 280 ya Suratul Baqara anaijua, ile ya kumpa muda mdaiwa mwenye dhiki.

SUALI: Jirani kakopa kaweka namba yangu kuwa mimi mdhamini wake, mimi sina khabari. Wanasema nilipe mimi. Kweli?
Msomaji, Jang'ombe

JAWABU: Si kweli. Mdhamini ni aliekubali, na kuandikwa namba yako si kukubali. Wajibu mara moja kwa meseji kwamba hujamdhamini mtu na wasikupigie tena, iweke hio meseji, wakiendelea na wewe unayo njia ileile ya Mama Bajia hapo juu. Na jirani mgongee mlango umuulize, pengine na yeye hakujua kama ile namba ya "ndugu wa karibu" ndo inayofanyiwa hivi.